Ukoga wa Bi Senga

Saa mbili asubuhi, Dundee, chumba cha chini,
na nje bado usiku: Desemba ya huku
jua huchelewa kazini na kuomba ruhusa mapema.

Sampuli ya saba inavua glavu, inaketi.
Jina lake Senga. Siku ya kwanza
nililisikia kama "sengenya" lililokatwa mkia,
nikacheka. Naye akalitafuna langu, Zamoyoni,
akalitema likiwa "Zam".
Tumelipana.

Anatema mate kichupani kwa adabu,
amegeukia ukuta kama mtu anayevua nguo.
Miaka sabini na sita. Husukutua asubuhi na usiku,
dawa ya buluu, sekunde thelathini kwa saa ya jikoni,
tangu alipoanza kutoka na Dougie, mchomeleaji,
aliyeogopa harufu ya vitunguu kuliko cheche.
Mwaka wa tisa huu Dougie yuko makaburini.
Yeye bado husukutua.

Mate yake tuliyaotesha juu ya visahani
vidogo kama vifungo vya shati.
Ripoti inaandika "utando wa bakteria".
Mimi moyoni naandika ukoga,
neno la bibi yangu, aliyenikagua meno kwa ukucha
mlangoni, kabla hajaniachia niende shule.

Siku ya tatu darubini ilinifungulia mtaa:
waliotangulia wamelikumbatia jino,
waliofuata wamewashika hao mabega,
na katikati ute, waliousuka wenyewe,
wenye vichochoro vya maji
na vyumba vya ndani kabisa visivyo na hewa
kwa wale ambao hewa kwao ni sumu.
Koo mia, mlango mmoja.
Meno ya mbwa hayaumani, husema watu;
na wapangaji wa meno huumana kidogo tu,
kisha hupeana chumvi.

Nikamwaga dawa. Nikahesabu thelathini.
Nikatia rangi: aliye hai kijani, mfu mwekundu.

Paa lote likawaka.

Nilikuwa nimeshafungua kinywa kumwita Daktari Petrie
aje aone ushindi.
Nikashusha lenzi kidogo. Kidogo tena.
Na chini ya wafu, kijani.
Kijani tulivu, kana kwamba huko hakukupigwa hodi.
Wa juu walikuwa wamelala kifudifudi juu ya wa chini
na dawa imeishia migongoni mwao.
Kesho yake mtaa ulikuwa umejengwa upya,
chumba kwa chumba, juu ya mifupa ya wenyewe,
kama bakteria wangekuwa na mifupa.

Utafiti ukataka aache dawa siku kumi na nne.
Mswaki tu, na maji.
Alinitazama kama niliyemwomba akatembee uchi sokoni.
"Na nikikutana na mtu?"
Sikuuliza mtu gani.

Jana amerudi, theluji mabegani.
Kichupa, ukuta, mate.
Kisha akageuka: "Chai, Zam. Chai ina ladha."
Ilipotelea lini, hakumbuki;
alidhani ni uzee, au majani ya bei nafuu.
Akavuta kikombe changu cha tangawizi bila kuomba,
akanywa nusu, macho yamefumbwa.

"Sasa wamezidi, eh? Hao wadudu wangu?"
"Wamezidi."
"Na zamani, nilipokuwa nawaua?"
"Ulikuwa unaua wa juu. Wa chini walibaki."
"Miaka yote?"
"Miaka yote."

Bomba la joto likagonga ukutani, likanyamaza.
Alikuwa anapiga hesabu, niliona midomo ikicheza.
"Basi Dougie," akasema, "alikuwa akiwabusu hao hao."
Nami sikuwa na jedwali la kumjibu,
wala la kumwambia kwamba busu hubeba na kuacha,
kwamba huenda mmoja wao, huko chini gizani,
ni wa kwake.
Lakini nadhani alishafika huko kabla yangu,
maana aliomba kuwaona.

Nikamwekea kiti, nikamrekebishia lenzi.
Bi Senga akavua miwani,
na kabla ya kuinama,
akatengeneza nywele.